Jedwali la Elementi na Mawe ya Masisi na Walikale

Mwanafunzi wa sekondari wa Kivu Kaskazini, awe wa Goma mjini au wa Buleusa, kile kijiji cha Ikobo kilichoko kaskazini-mashariki mwa Walikale karibu na mpaka wa Lubero, akichagua tawi la biolojia na kemia hana budi kulihifadhi jedwali la Mendeleev, analolisoma kwa Kifaransa kama alivyolisoma mwalimu wake kabla yake; na aghalabu hulihifadhi nambari baada ya nambari pasipo kuambiwa na mtu kwamba visanduku vitano vya jedwali lile, yaani 41, 50, 73, 74 na 79, vina vitu ambavyo kwa muda wa karibu karne nzima vimeipa nchi yake kazi, fedha, vita na misiba. Niobi, bati, tantali, wolframu na dhahabu: zote tano zimo katika mstari wa tano na wa sita wa jedwali, na zote tano zimo katika ardhi ya Masisi na Walikale au ya majirani zao wa karibu. Ninayakini kwamba tarikhi ya jedwali hili haiwezi kusimuliwa sawasawa bila ya jiwe moja jeusi na zito, ambalo leo huitwa koltani, na kwamba mtu aliyelishika jiwe hilo mkononi ana sehemu ya hoja ambayo wanazuoni wa Ulaya waligombania kwa miaka zaidi ya 60.

Watu wa kale walizijua madini saba, nazo ni dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati, risasi na zebaki. Na wanazuoni walioandika kwa Kiarabu, tangu zama za Jabir ibn Hayyan hata zama za Abu Bakr al-Razi, walijitahidi kuvipanga vitu vya ardhini kwa tabia zake, wakidhani kwamba kila madini imetokana na kiberiti na zebaki vilivyochanganyika kwa kadiri mbalimbali. Dhana hiyo haikusimama, lakini hamu ya kupanga ilibaki, na mizani waliyoitumia katika karakana zao ilirithiwa na waliokuja baada yao. Kufikia katikati ya karne ya 19 elementi zilizojulikana zilikuwa zimepita 60, na tatizo halikuwa tena uchache wa maarifa bali wingi wake usiokuwa na utaratibu, maana kila mtu alikuwa na hesabu yake ya uzani wa atomi, na maji yenyewe yaliandikwa kwa namna mbili au tatu. Mjerumani Johann Döbereiner alikuwa ameonyesha mapema kwamba baadhi ya elementi hujikusanya tatu tatu kwa tabia, na mwaka 1860, katika mkutano wa wanakemia uliofanyika Karlsruhe, Mwitalia Stanislao Cannizzaro aliwaeleza wenzake njia moja ya kuupata uzani huo bila ya hitilafu. Katika waliomsikiliza alikuwamo kijana wa Kirusi, mzaliwa wa Tobolsk huko Siberia, jina lake Dmitri Mendeleev.

Kabla ya kumfuata kijana huyo, turudi nyuma kwenye jiwe letu. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett alilichunguza jiwe jeusi lililokuwa limekaa miaka mingi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambalo asili yake ilikuwa Amerika Kaskazini, akapata ndani yake udongo wa madini isiyojulikana, akaiita kolumbi kwa heshima ya nchi lilikotoka. Mwaka uliofuata Msweden Anders Ekeberg aliyachunguza mawe ya Uswidi na Finland, naye akapata madini ngeni ambayo udongo wake, hata ukizamishwa ndani ya asidi, hauinywi wala hauyeyuki. Akaiita tantali, kwa jina la Tantalus, mfalme wa hekaya za Wayunani aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji asiweze kuyanywa. Ukaidi huo uliomshangaza Ekeberg ndio unaoifanya tantali iwe ghali leo, kwani utando mwembamba wa oksidi unaojifunga juu yake hauliwi na asidi wala haupitishi umeme kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hutengenezwa nayo zile kapasita ndogo zinazohifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta, na hata vipande vinavyotiwa ndani ya mifupa ya wagonjwa.

Basi je, kolumbi na tantali ni vitu viwili au ni kitu kimoja chenye majina mawili? Mwaka 1809 William Wollaston, mwanakemia mwenye sifa kubwa mjini London, aliyapima mawe yote mawili akayaona yamehitilafiana kwa uzito: la Hatchett lilikuwa zito karibu mara 6 kuliko maji ya ujazo ule ule, na la Ekeberg karibu mara 8. Lakini kwa kuwa udongo uliotolewa ndani yake ulitenda namna moja mbele ya kila asidi na kila chumvi aliyoijaribu, aliipuuza mizani akahukumu kwamba ni kitu kimoja; na kwa taadhima ya jina lake hukumu hiyo ilikaa miaka 35. Nami naona hapo ndipo elimu ilipopotea njia, si kwa kukosa dalili bali kwa kuikataa dalili iliyokuwa mezani.

Mwaka 1844 Heinrich Rose wa Berlin aliifufua hoja. Alisema kwamba mna madini mbili katika mawe hayo, akaipa ya pili jina la niobi, kwa Niobe binti Tantalus. Kisha, kwa pupa ya ugunduzi, akaongeza ya tatu akaiita pelopi, kwa jina la ndugu yake Niobe. Wengine nao wakazua zao, ilmeni na diani, na kwa muda wa miaka 20 vitabu vya kemia vilijaa ukoo wa madini ambazo nusu yake hazikuwapo duniani. Aliyeumaliza mzozo huo alikuwa Mswisi Jean Charles Galissard de Marignac, ambaye mwaka 1866 alizichanganya chumvi za madini hizo na florini na potasi, akaona kwamba chumvi ya tantali hujitenga ikawa fuwele mapema, na ya niobi ikabaki ndani ya maji. Ndipo ilipothibiti kwamba ni mbili, wala si moja wala si tatu, na uzani wa kila moja ukaweza kuhesabiwa.

Miaka mitatu baadaye Mendeleev, aliyekuwa akifundisha Saint Petersburg na kuandika kitabu cha kemia kwa ajili ya wanafunzi wake, alizipanga elementi 63 kwa uzani wa atomi zake, tokea nyepesi hata nzito, akaona kwamba tabia hurudi baada ya muda: chuma laini kinachowaka majini, baada yake kingine, kisha kwa mbali kingine tena cha namna ile ile. Jedwali alilolichapa mwanzoni mwa mwaka 1869 lina mstari mmoja ambao mtu wa Masisi angestahili kuonyeshwa kwa kidole, umeandikwa V=51, Nb=94, Ta=182; yaani vanadi, niobi na tantali zimekaa pamoja, ndugu wa safu moja, kila mmoja katika daraja yake. Laiti hukumu ya Wollaston ingalisimama hata siku ile, au laiti pelopi ingalibaki vitabuni, mstari huo ungaliharibika na pengine mpango wote ungalitiwa shaka. Juu yake kidogo upo mstari mwingine wa ajabu, Ti=50, Zr=90, kisha alama ya kuuliza na nambari 180, maana Mendeleev aliamini kwamba pale, kando kabisa ya tantali, pana madini ambayo hakuna binadamu aliyeiona.

Kwamba aliacha nafasi tupu ndiko kulikomtenga na wenzake, kwa kuwa hakuwa peke yake katika fikira hiyo: Mfaransa Chancourtois, Mwingereza Newlands na Mjerumani Lothar Meyer wote walikuwa wamezipanga elementi kwa njia zinazokaribiana na yake, na Newlands alichekwa na wenziwe kwa kuzifananisha na sauti za muziki. Mendeleev alithubutu kueleza tabia za madini za ghaibu, na madini zenyewe zikatokea, gali mwaka 1875, skandi mwaka 1879 na germani mwaka 1886, nazo zikawa karibu sawa na alivyozitabiri. Baada ya hapo wapinzani wake walinyamaza.

Lakini uzani wa atomi haukuwa msingi imara, maana palikuwa na mahali ambapo ulizipanga elementi kinyume cha tabia zake. Msingi wenyewe aliuvumbua Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, aliyefanya kazi Manchester na kisha Oxford katika miaka ya 1913 na 1914. Alizipiga madini kwa miale ya elektroni akaipima miale ya eksirei iliyorudi kutoka kila moja, akakuta kwamba kipeuo cha pili cha kasi ya mtetemo wa miale hiyo hupanda kwa hatua zilizo sawa kutoka elementi moja hata jirani yake. Nambari ya kisanduku, basi, haikuwa nambari ya kuhesabia tu. Ilikuwa kiasi cha chaji iliyomo katika kiini cha atomi. Tantali ni 73 kwa sababu ina chaji 73, na wolframu ni 74, na hakuna kitu kinachoweza kukaa baina yao. Moseley aliuawa vitani Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Ile nafasi ya 72, ambayo Mendeleev aliiwekea alama ya kuuliza, ilijazwa mwaka 1923 mjini Copenhagen, ilipogunduliwa hafni kwa kutumia njia hiyo hiyo ya eksirei.

Tangu hapo umbo la jedwali limejulikana. Mistari ni saba, na kila mstari mpya huanza pale tabaka jipya la elektroni linapoanza kujazwa. Safu ni 18, na waliomo katika safu moja wana elektroni za nje zinazolingana, na kwa hiyo hutenda kazi kwa namna moja. Mstari wa saba ulikamilika kwa kutiwa majina ya mwisho mwaka 2016, na hesabu yote ikawa 118. Ndani ya mstari wa sita, kabla ya tantali, zimeingia elementi 14 zaidi ambazo kwa kawaida huandikwa chini, mbali na jedwali, nazo zina athari kubwa kwa jiwe letu: katika kupita kwake chaji ya kiini huongezeka na atomi hujikaza, hata ukifika kwenye tantali unaikuta atomi yake ina upana karibu sawa na ya niobi, ilhali uzani wake ni 181 na wa niobi ni 93. Zimelingana kwa kimo na kwa tabia, zikatofautiana kwa uzito karibu mara mbili. Kwa sababu hiyo maumbile hayakuweza kuzitenga, na moja huchukua nafasi ya nyingine ndani ya fuwele ile ile. Na kwa sababu hiyo hiyo Wollaston alidanganyika.

Mtu anayeosha madini katika vijito vya chini ya Rubaya, wilayani Masisi, hafanyi kosa la Wollaston. Humimina udongo mwekundu katika mfereji au katika karai, huukoroga na maji, huyamwaga matope kidogo kidogo huku akiuzungusha mkono, mpaka ubaki mchanga mweusi unaong'aa usiotaka kwenda na maji. Kisha huchukua kipande, hukitupatupa kiganjani, na kwa uzoefu wa mkono wake husema kwamba hiki ni kizito, kina bei, au hiki ni chepesi. Wepesi wake ni niobi nyingi na uzito wake ni tantali nyingi. Mkono huo unasoma tofauti ya 93 na 181, na unaisoma kwa dalili ile ile ambayo mwanachuoni wa London aliiona akaiacha.

Na kwa nini mawe haya yamekuja katika vilima hivi, pamoja na bati na wolframu, wala si mahali pengine? Yapata miaka milioni 1,000 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka yalipenya chini ya nchi ambayo sasa ni Kivu, Maniema, Rwanda na Burundi, yakapoa polepole yakawa matale. Madini za kawaida, kama chuma na kalsi, zilipata nafasi zake katika fuwele za mwanzo; lakini niobi, tantali, bati na wolframu, kwa ukubwa na chaji za atomi zake, hazikupata mahali pa kukaa, zikabaki katika uji wa mwisho kama chumvi inavyobaki chini ya chungu maji yakikauka, na uji huo ukapanda katika nyufa ukaganda huko. Nyufa hizo ndizo wachimbaji wanazozifuata kwa sururu na mtaimbo. Mahali pa elementi katika jedwali, kwa hiyo, ndipo palipoamua mahali pake katika kilima.

Serikali ya Wabelgiji na makampuni yake hawakuja Kivu kwa ajili ya tantali. Walitafuta bati, na katika miaka ya 1930 makampuni kama Symétain, lililoundwa mwaka 1932, yalifungua machimbo mengi katika Maniema na Kivu, ambamo jiwe jeusi lilitoka pamoja na kasiteriti, yaani jiwe lenye bati, kama nyongeza. Malaya ilipotekwa na Wajapani mwanzoni mwa mwaka 1942, mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani yalipoteza hazina kubwa ya bati, na mzigo ukaangukia Kongo, ambako wanavijiji walilazimishwa kufanya kazi za vita kwa siku nyingi zaidi kila mwaka. Baada ya uhuru makampuni hayo yalidhoofika, na mwaka 1976 tisa kati yake yakaunganishwa yakawa SOMINKI. Kampuni hiyo ilikuwa na barabara zake, zahanati na shule. Kisha Oktoba 1985 baraza la kimataifa lililokuwa likiitegemeza bei ya bati lilifilisika, bei ikaanguka hata chini ya nusu, na SOMINKI ikafa pole pole mpaka ilipofungwa mwaka 1997. Mashimo yakabaki kwa mwenye nguvu za mikono.

Bei ya tantali, iliyokuwa kama dola 30 au 40 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka 2000, ilipita dola 300 kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa viwanda vya simu na michezo ya kompyuta viliogopa kuikosa. Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, ilichimbuliwa. Walimu waliacha madarasa, wakulima waliacha mashamba, na wenye bunduki waliweka vizuizi vya kodi katika kila njia. Taasisi ya Pole ya Goma ilikusanya ushahidi wa watu wa siku zile, na yeyote anayeusoma huona jinsi nyumba zilivyopata fedha na kupoteza amani kwa pamoja. Mwaka 2001 bei ikaporomoka, lakini bunduki hazikuondoka. Mwaka uliofuata watu waligundua kasiteriti katika kilima cha Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, na wapagazi wakaanza kutoka huko kwa miguu wakibeba magunia ya kilo 50, hata penye barabara ya lami ambapo ndege ndogo zilitua kupakia. Hapo Bisie sasa pana mgodi wa kampuni ya Alphamin, uliofunguliwa mwaka 2019, ambao jiwe lake lina bati nyingi kuliko karibu migodi yote ya dunia. Nao ulisimamishwa kwa wiki kadhaa mwaka 2025 vita vilipoufikia mji wa Walikale. Rubaya yenyewe iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024.

Katika tijara hii yote, kitu kinachoamua riziki ya mchimbaji ni sehemu ya tantali katika mia, na sehemu hiyo haipimwi tena kwa kiganja. Katika maghala ya wanunuzi wa Goma mtu hushika chombo kinachofanana na bastola, huugusisha mdomo wake na unga wa jiwe, na katika muda wa dakika moja huandikwa kiasi cha tantali, cha niobi, cha bati, na mara nyingine cha urani na thori zilizojificha humo. Chombo hicho hupeleka eksirei na kupokea zinazorudi, kila elementi ikijibu kwa mtetemo wake. Ni sheria ile ile ya Moseley, nayo ndiyo inayowezesha 73 kutengwa na 74 bila ya kuyeyusha chochote. Mwenye chombo ndiye mnunuzi. Aliyechimba husikia nambari ikitajwa, na kama hajui jinsi ilivyopatikana hana la kujibu, ila kurudi na uzoefu wa mkono wake ambao hautambuliwi na yeyote katika ghala lile. Naamini hii ni dhulma ambayo elimu ya shule ingeweza kuipunguza, ikiwa jedwali lingefundishwa na jiwe likiwa juu ya meza ya mwalimu.

Kivu haina kiwanda cha kuzitenga niobi na tantali. Unga mweusi hufungwa ndani ya mapipa na magunia, hutiwa lebo, husafirishwa hata ng'ambo, na huko huyeyushwa katika asidi ya florini, yaani kwa njia iliyotokana na ile ya Marignac ya mwaka 1866. Chumvi ya tantali hutengwa upande mmoja na ya niobi upande mwingine, na kila moja huuzwa kwa bei yake. Kule Masisi malipo huhesabiwa kwa tantali peke yake. Niobi, ambayo watu walihitaji miaka 65 kukiri kwamba ipo, aghalabu huondoka ndani ya gunia lile lile bila ya kulipiwa.